Habari za Mibuni: Arabika na Robusta

Msimu mmoja wa mavuno alinijia mzee jirani yangu, mwenye kibanja karibu na shule yetu huku magharibi ya Ziwa Victoria. Alikuwa ameshika buni katika viganja viwili. Akaniambia, "Mwalimu, hizi za mkono wa kuume ameniletea mwanangu kutoka Moshi. Asema hizi ndizo kahawa. Na hizi za mkono wa kushoto ni zetu, za mibuni aliyoipanda babu yangu. Asema hizi ni za kuchanganyia tu, kahawa ya watu maskini, na afadhali niing'oe mibuni yote nipande mingine. Wewe umesoma vitabu. Niambie, je, wazee wetu walitunza takataka?"

Siku ile sikuweza kumjibu, maana jambo lenyewe si la kujibiwa kwa neno moja. Nikamwomba tu asishike jembe kwanza. Baadaye nikayakusanya niliyoyajua na niliyoyasoma, nikaenda kwake, tukakaa migombani, nikamweleza. Na kwa kuwa najua wako wengi wenye swali kama lake, naziandika habari hizi hapa, nao wapate kuzisoma.

Kwanza yafaa tujue mbuni ni mti gani. Wataalamu wa mimea wamehesabu aina zaidi ya 120 za mibuni, nazo nyingi asili yake ni Afrika na kisiwa cha Madagaska. Lakini katika aina hizo zote, zile zinazojaza magunia ya biashara ni mbili tu: arabika na robusta. Katika kila magunia kumi yauzwayo duniani, kama sita ni ya arabika, na yaliyobaki karibu yote ni ya robusta. Iko na aina ya tatu, liberika, ambayo mti wake ni mrefu na matunda yake ni makubwa; asili yake ni Afrika ya Magharibi, nayo leo hulimwa kidogo katika nchi kama Malaysia na Ufilipino.

Mibuni yote huchanua maua meupe yenye harufu nzuri kama ya asumini. Baada ya maua hutokea tunda la kijani, nalo likiiva huwa jekundu. Ndani ya tunda mna punje mbili zilizotazamana kwa upande wa bapa, kama pacha waliolala uso kwa uso. Mara nyingine huwamo punje moja tu, nayo huwa ya mviringo. Punje hizo ndizo buni. Basi ukiziweka mkononi buni za aina hizi mbili utaweza kuzitambua. Ya arabika kwa kawaida ni ndefu kidogo, na ufa wake wa katikati umepindapinda. Ya robusta ni fupi, ya duara zaidi, na ufa wake umenyoka. Ukizikaanga na kuzinywa utatambua zaidi: arabika ina harufu nzuri na ukali mwembamba kama wa tunda, robusta ni chungu na nzito. Tena ile dawa iliyomo katika kahawa, iondoayo usingizi, iitwayo kafeini, imo katika robusta kama mara mbili ya ile iliyomo katika arabika.

Hata tabia za miti yenyewe ni mbalimbali. Arabika hupenda nchi ya milima yenye baridi kiasi, toka mita 1,000 hivi mpaka 2,000 juu ya usawa wa bahari. Robusta hustahimili joto na nchi za chini, huzaa sana, wala haishindwi upesi na magonjwa ya majani. Na iko tofauti moja nyingine, ambayo naomba msomaji aiweke moyoni, maana habari nyingi za mbele zategemea hiyo. Ua la arabika hujichavusha lenyewe. Yaani mti mmoja peke yake waweza kuzaa, na watoto wake hufanana na mama yao. Lakini mti wa robusta hauwezi kuzaa kwa chavua yake wenyewe. Lazima chavua iletwe na upepo au wadudu kutoka mti mwingine. Kwa hiyo katika shamba la robusta kila mti una sura yake, kama watu wa kijiji kimoja. Bali shamba la arabika ni kama nyumba ya watoto wa mama mmoja.

Sasa tutazame arabika ilitoka wapi. Wengi hudhani kwa ajili ya jina lake kwamba asili yake ni Arabuni. Sivyo. Asili yake ni misitu ya Uhabeshi, ndiyo Ethiopia, upande wa kusini-magharibi, na huko hata leo iko mibuni iotayo yenyewe chini ya miti mikubwa. Yasimuliwa kwamba mchunga mbuzi mmoja aliwaona mbuzi wake wakirukaruka usiku kucha bila kulala baada ya kula matunda mekundu. Hadithi hii iliandikwa na Faustus Nairon, mwalimu aliyekuwa Roma, katika kitabu chake cha mwaka 1671. Lakini hii ni hadithi tu. Lililo hakika ni kwamba katika karne ya 15 watu wa dini huko Yemen, ng'ambo ya Bahari ya Sham, walikuwa wakinywa kahawa wapate kukesha katika sala zao za usiku. Kutoka huko desturi ilienea Makka na Misri, kisha Uturuki na Ulaya. Si wote waliofurahi. Mwaka 1511 liwali wa Makka aliipiga marufuku, lakini marufuku yake haikudumu.

Maneno yetu yenyewe yashuhudia safari hiyo. Sisi twasema kahawa, na Waarabu husema qahwa. Twasema buni, nao husema bunn. Maneno haya yalifika pwani yetu kwa majahazi, pamoja na dele la shaba na vikombe vidogo visivyo na mkono, ambavyo wauza kahawa wa Mombasa, Lamu na Unguja huvigonganisha njiani mpaka leo ili wanywaji wasikie.

Kwa muda mrefu Yemen ndiyo iliyoilisha dunia kahawa, kwa bandari yake ya Mocha, na wafanya biashara wa Ulaya wakawa wakitamani kuipata mbegu. Waholanzi wakafaulu. Mwishoni mwa karne ya 17 waliipanda Java. Mwaka 1706 mbuni mmoja kutoka Java ulipelekwa katika bustani ya Amsterdam, ukatunzwa katika nyumba ya vioo kwa sababu ya baridi, ukachanua, ukazaa. Hapo ndipo ile tabia ya arabika niliyoitaja ilipofanya kazi yake. Maana kama ungalikuwa ni mti wa robusta, ungalikaa peke yake bila kuzaa mpaka kufa. Lakini arabika ni mti uwezao kuanzisha ukoo peke yake. Mwaka 1714 meya wa Amsterdam alimpa Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, mche mmoja wa uzao huo. Kutoka Paris, mnamo mwaka 1723, ofisa mmoja aitwaye Gabriel de Clieu alichukua mche mdogo mpaka kisiwa cha Martinique. Naye mwenyewe alisimulia kwamba maji yalipopungua melini aligawana na mche wake kile kidogo alichopewa cha kunywa. Mwaka 1727 mbegu ziliingia Brazili. Ukoo huu wa arabika, uliopita Java na Amsterdam, waitwa Typica.

Ukoo wa pili ulipita njia nyingine. Mwaka 1715 Wafaransa walichukua miche Yemen wakaipeleka katika kisiwa chao cha Bourbon, kilicho katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Leo chaitwa Réunion. Mingi ilikufa, ikapona michache tu. Hiyo michache ikazaa ukoo unaoitwa Bourbon mpaka leo kwa jina la kisiwa. Majani machanga ya Typica mara nyingi huwa na rangi ya shaba, na ya Bourbon huwa ya kijani. Tena Bourbon huzaa zaidi.

Basi, msomaji, tazama ajabu hii. Karibu mashamba yote makubwa ya arabika ya Amerika, ya Asia, na ya Afrika nje ya Uhabeshi, kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi, yalikuwa ni uzao wa miti michache ambayo mtu mmoja angaliweza kuimwagilia kwa ndoo yake kabla ya kustaftahi. Utajiri wa mataifa ulisimama juu ya shina jembamba namna hiyo.

Wala isisahauliwe ni kwa mikono ya nani mashamba hayo yalilimwa. Katika Martinique, katika Brazili, na katika Bourbon, walima kahawa walikuwa watumwa. Watumwa wa Bourbon wengi walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, aliandikiana mapatano na Sultani wa Kilwa, ili apewe watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya visiwa vile. Utumwa katika Réunion haukukoma mpaka mwaka 1848.

Nataja haya kwa sababu mbegu ya Bourbon ilirudi kwetu kwa njia ile ile. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuja Unguja kutoka Réunion, na mwaka 1868 wakaanzisha misheni Bagamoyo, wakawaweka huko watu waliokombolewa katika utumwa, wakawapa mashamba. Pamoja na michungwa na mazao mengine walipanda mibuni ya Bourbon. Hivyo mti ambao watu wa pwani yetu walichukuliwa wakaulime kwa mjeledi ng'ambo ya bahari, ulifika Bagamoyo ukalimwa na watu waliofunguliwa. Kutoka pwani mapadre waliupeleka bara, hata mnamo mwaka 1898 ukapandwa Kilema, mlimani Kilimanjaro. Huko ulipata nchi iliyoufaa: udongo wa volkano, mvua, baridi ya mlima, na kivuli cha migomba katika vihamba vya Wachaga.

Lakini Wachaga hawakuachiwa mti huo bila mashindano. Baada ya vita vya mwaka 1914 mpaka 1918, Charles Dundas, mtawala wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza wapande kahawa, nao wakapanda kwa bidii. Walowezi wa Ulaya walinung'unika. Walisema mashamba madogo ya wenyeji yatakuwa makao ya wadudu na magonjwa, na kahawa yao itaibiwa. Na tena waliogopa kukosa vibarua, kwa kuwa mtu mwenye kahawa yake haendi kulima ya mwingine. Ndipo mwaka 1925 Wachaga walipofanya chama chao cha wakulima wa kahawa, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Chama hicho kikatetea haki yao, kikaleta dawa za kunyunyizia mibuni, kikakusanya mazao. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama cha ushirika, KNCU. Katika Kenya mambo yalikuwa magumu zaidi. Huko kahawa ilikuwa mali ya walowezi, na Waafrika walizuiliwa kuipanda. Katika miaka ya 1930 ndipo wakulima wachache wa Kisii, Embu na Meru walipopewa ruhusa, tena kwa mashamba madogo sana.

Na katika miaka hiyo hiyo ya 1930 lilitokea jambo dogo ambalo wanywaji wengi wa kahawa hawalijui. Wataalamu wa Scott Laboratories, karibu na Nairobi, walikuwa wakitafuta mibuni istahimiliyo ukame. Mwaka 1931 mmoja wao alipita Tanganyika, akaiona mibuni iliyosimama vema katika nchi ya Monduli, akachukua mbegu zake. Katika uzao wa mbegu hizo ulichaguliwa mti mmoja, ukapewa namba 28, na miche yake ikaitwa SL28. Hata leo SL28 ni miongoni mwa kahawa zinazosifiwa sana duniani kwa utamu wake, na dunia huiita kahawa ya Kenya. Lakini mbegu yake ilitoka Monduli.

Nilipofika hapo mzee wangu akasema, "Hizo zote ni habari za mkono wa kuume. Za kushoto je?"

Basi habari za mkono wa kushoto ni hizi. Kabla padre wala mlowezi hajafika, kabla mche wa Bourbon haujaonekana pwani, Wahaya na Waganda walikuwa na mibuni yao, nayo ni ya robusta. Hawakupewa na mtu wa ng'ambo. Robusta ni mti wa misitu ya Afrika, kutoka magharibi kupitia Congo mpaka Uganda na ukingo wa Ziwa. Waganda huiita emmwanyi, na Wahaya huiita akamwani, wala katika majina hayo hakuna sauti ya Kiarabu. Wahaya hawakuipika kuwa kinywaji. Walichuma matunda kabla hayajaiva sana, wakayachemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, wakayatafuna. Mgeni akiingia nyumbani aliwekewa buni mbele yake. Kumwacha bila buni ilikuwa ni kumwambia hakukaribishwa.

Tena buni zilikuwa muhuri wa udugu. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichukua punje mbili za tunda moja, kila mmoja akaitia yake katika damu yake, wakabadilishana, wakala. Punje zile zilizokaa uso kwa uso katika tunda moja ndizo zilizokuwa mfano wa udugu wao. Sisi Wakristo hatuhitaji tena damu katika kufanya udugu. Lakini naona hakuna aliyefikiri mfano huo akaudharau mti uliompa.

Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Ziwani mwaka 1901, kahawa ya Bukoba ilipata njia ya kwenda masoko ya mbali, na vibanja vingi vikaongezwa mibuni. Hata hivyo wanunuzi waliipa bei ndogo kuliko ya milimani. Hapo ndipo lilipoanza lile neno la mtoto wa mzee, kwamba yetu ni ya kuchanganyia.

Lakini wakati ule ule robusta ilikuwa ikiitwa kwa haraka mahali pengine, kuokoa watu waliofikwa na msiba. Mwaka 1869 katika kisiwa cha Ceylon, ndicho Sri Lanka ya leo, ambacho kilikuwa katika nchi kubwa za kahawa duniani, yalionekana madoa ya vumbi la rangi ya chungwa chini ya majani ya mibuni. Ndio ugonjwa uitwao kutu ya majani. Jani lililoshikwa hukauka na kuanguka, na mti usio na majani hauzai. Mwaka 1880 Waingereza walimtuma mtaalamu, Harry Marshall Ward, achunguze. Naye akaonyesha kwamba ni kuvu ndogo ambayo mbegu zake huchukuliwa na upepo. Katika Ceylon vilima kwa vilima vilikuwa vimepandwa arabika tu, ya ukoo ule ule mwembamba. Jani moja likishindwa, yote yameshindwa. Kabla karne ya 19 haijaisha, wenye mashamba waling'oa mibuni wakapanda chai, na ndiyo maana mpaka leo Ceylon yasifiwa kwa chai.

Kutu ikavuka bahari ikafika Java. Waholanzi wakajaribu kupanda liberika, nayo ikashindwa. Ndipo mnamo mwaka 1901 zilipofika mbegu za robusta zilizotoka msituni Congo kwa njia ya bustani ya Brussels. Jina robusta lenyewe maana yake ni yenye nguvu. Ilipandwa, na kutu haikuiweza. Ikachukua mahali pa arabika katika nchi za chini za Java, kisha ikaenea Asia. Leo Vietnam, ambayo kwa wingi wa kahawa hushindwa na Brazili peke yake, kahawa yake karibu yote ni robusta. Na Uganda, jirani yetu, huishi kwa robusta kuliko kwa zao lolote lingine la kuuza ng'ambo lilimwalo na mkulima mdogo.

Wala msaada wake haukuishia hapo. Katika kisiwa cha Timor, katika miaka ya 1920, ulionekana shambani mbuni uliokuwa kama arabika lakini haukushikwa na kutu. Ulikuwa umezaliwa wenyewe kwa chavua ya robusta iliyoangukia ua la arabika. Kutoka uzao wa mti huo wataalamu wa Ureno, kuanzia mwaka 1959, walizalisha aina nyingi za arabika zenye nguvu, zinazoitwa Catimor. Na huko Kenya, ambako tangu mwaka 1922 ulikuwa umeonekana ugonjwa mwingine mbaya, chulebuni, uozeshao matunda yangali mabichi mtini, damu ya mti wa Timor ilitumiwa pia katika kuizalisha Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Kwa hiyo mkulima wa mlimani anayejisifu kwa arabika yake isiyoshikwa na ugonjwa, pengine anamsifu robusta bila kujua.

Sasa nafika neno lililomfanya mzee wangu aweke chini viganja vyote viwili. Wataalamu walipochunguza chembe za urithi za mibuni waliona kwamba arabika ina kromosomu 44, na aina nyingine zina 22 tu. Wakatafuta sababu, wakaipata, na uchunguzi wa mwaka 1999 na wa mwaka 2024 umeithibitisha. Arabika ni mtoto. Wazazi wake ni wawili: mmoja ni mbuni mwitu wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, uitwao eugenioides, wenye punje ndogo na kafeini kidogo, na mwingine ni robusta. Miti hii miwili ilichavushana msituni, miaka 600,000 hivi iliyopita kwa makisio yao, na mtoto akabeba urithi wote wa baba na wote wa mama. Ndiyo maana hesabu yake ni mara mbili. Tendo hilo lilitokea mara moja tu, au mara chache sana, na ndipo wembamba wa ukoo wake ulipoanza, kabla ya Yemen na kabla ya Amsterdam.

Basi buni za mkono wa kushoto si takataka za kahawa. Ni mzazi wa zile za mkono wa kuume.

Lakini nisije nikawafanya watu wa robusta wajivune nao. Nguvu yao ina mpaka. Mwaka 1993 Uganda iliona mibuni ya robusta ikinyauka na kufa kabisa, mti mzima, kwa ugonjwa wa mnyauko uliokwisha kuitesa Congo; na mwaka 1997 ukaonekana kwetu Kagera. Mkulima aliyeamka asubuhi akaona majani yamelegea upande mmoja wa mti, baada ya miezi michache hakuwa na mti. Tena kuvu inayoua robusta kwa mnyauko huo si ile ile inayoua arabika. Kila aina ina adui wake, na kila aina ina kinga ambayo mwenzake hana.

Kwa sababu hiyo dunia yahitaji mibuni yote, hata ile isiyonywewa. Mwaka 2019 wataalamu wa bustani ya Kew, London, walitangaza kwamba katika aina 124 za mibuni mwitu, karibu sita katika kila kumi zimo hatarini kupotea, kwa kukatwa misitu na kubadilika kwa majira. Kuna mtu atakayesema, "Mibuni ya msituni isiyouzika ina faida gani?" Na ajibiwe kwamba robusta nayo ilikuwa mti wa msituni wa Congo, usiojulikana sokoni, mpaka siku ile watu wa Java walipouhitaji.

Mzee aliponisikia mpaka mwisho hakusema neno kwa muda. Kisha akaniuliza, "Basi za mwanangu nizitupe?" Nikamwambia hapana. Huku kwetu karibu na Ziwa robusta iko nyumbani, nayo yastahili kutunzwa: mibuni mizee ikatwe ichipue upya, machipukizi ya ziada yaondolewe, na matunda yachumwe mekundu tu, wala yasianikwe juu ya udongo mtupu. Robusta nyingi hupata bei ndogo kwa sababu huchumwa mbichi na mbivu pamoja na kuanikwa ovyo. Kosa hilo si la mti. Na mbegu za Moshi azijaribu kwa ndugu yake aliyeko juu, Karagwe, ambako nchi imeinuka.

Akaita mtoto, akamtuma nyumbani alete buni za kutafuna. Akaniwekea mbele yangu, kama desturi ilivyo.